Kanzu Ndogo ya Hana

Maandiko ya somo: 1 Samweli 1:24–28, 2:12–26, 3:11–18. Soma pia Esta 2:11 na Matendo ya Mitume 16:1–3.

Kwa ninyi ambao hamkufika Jumapili, mliokuwa zamu hospitali na kituoni, na mliokwama njiani mkitoka Isiolo, hili ndilo somo tulilopata. Nimeliandika karibu vile nilivyolihubiri.

Nilianza kwa kuwaonyesha washirika barua mbili. Zote zimefika kwa kanisa letu mwezi huu, na zote zinaomba kitu kimoja: vijana wetu. Ni mipango ya ulezi, ile watu siku hizi wanaita mentoshipu. Mpango wa kwanza unataka vijana 40, uwapeleke kambi ya siku 3 Isiolo mjini, uwape fulana na mabegi, halafu kila mmoja apewe mlezi wa kumpigia simu. Wa pili unataka vijana 8 tu. Haubebi fulana. Unataka kwanza kuketi na kila mzazi, unataka walezi watoke hapa hapa Garbatulla, na unasema mlezi asiyeweza kukaa na kijana mwaka mzima asijiandikishe.

Tulipokutana wazee wa kanisa, wengi wetu tulisema, "Pasta, si tuchukue huo wa arobaini? Nane ni wachache sana." Mimi nikanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu kuna jambo ambalo sikuwa nimewaambia, na leo nitaliungama mbele yenu. Lakini kwanza tufungue Neno.

Hana alimpeleka mtoto wapi?

Hadithi ya Hana tunaipenda. Mwanamke amelia miaka mingi, Mungu amempa mtoto, naye anamrudisha mtoto kwa Mungu. Tunapiga makofi, tunasema Amina. Lakini hebu ngoja. Uliwahi kuuliza alimpeleka nyumba ya nani? Alimpeleka kwa Eli, pale Shilo. Na soma sura ya pili uone ndani ya ile nyumba kulikuwa na nani. Kulikuwa na Hofni na Finehasi. Walikuwa makuhani, tena wana wa mkubwa. Watu walipoleta sadaka, mtumishi wao alikuja na uma wa meno matatu, na ukikataa alikunyang'anya kwa nguvu. Na mstari wa 22 unasema habari nyingine nzito, habari ya wanawake waliotumika pale mlangoni. Mji mzima ulikuwa unajua. Na kitoto Samweli kililala humo.

Mwambie jirani yako: jina zuri kwenye mlango halimlindi mtoto.

Samweli alilindwa na Bwana, tunashukuru. Lakini tusifanye neema ya Mungu kuwa sababu ya sisi kulala. Tena angalia Hana mwenyewe alifanya nini. Sura ya 2 mstari wa 19: kila mwaka alimshonea mtoto kanzu ndogo akampelekea. Sasa wewe mama unajua, huwezi kumshonea mtoto nguo bila kujua amekua kiasi gani. Hana alimkabidhi mtoto kwa Bwana, lakini hakuacha kumpima. Alirudi. Aliangalia mikono imefika wapi, mabega yamepanuka vipi, uso una nini. Kumkabidhi mtoto na kumtupa mtoto ni vitu viwili.

Kosa langu

Mwaka 2022 mnaukumbuka. Mvua zilikosa msimu baada ya msimu, mizoga ilijaa kando ya barabara kuanzia Kula Mawe mpaka Modogashe. Wakati ule tulipokea kila aliyekuja na gari na msaada. Miongoni mwao walikuja watu wa mpango wa ulezi. Sitawataja. Walikuwa na maneno mazuri, walikuwa na kamera. Walitaka watoto, na walitaka sahihi ya mtu mmoja wa kuwajibika kwa niaba ya wazazi, kwa maana wazazi wengine walikuwa mbali na mifugo. Mimi nikasema sawa, nikatia sahihi. Sikuuliza swali hata moja.

Kulikuwa na kijana wa kidato cha pili, mtoto wa mjane. Alipewa mlezi wa kumpigia kila Jumamosi saa kumi. Huyo kijana alibadilika mbele ya macho yetu. Alianza kuamka mapema, alianza kusoma, alimwambia mama yake, "Kuna mtu ananijua." Jumamosi nne simu ilipigwa. Jumamosi ya tano haikupigwa. Alikwenda akaketi pale penye mtandao mzuri, na simu ya mama yake mkononi, mpaka giza. Jumamosi ya sita akaenda tena. Ya saba pia.

Siku moja akaja kwangu akaniuliza, "Pasta, nilikosea nini?"

Wapendwa, nilikosa jibu. Nilijaribu namba za ule mpango, hazikuingia. Baadaye nikasikia pesa za mradi zilikuwa zimeisha. Wao walifunga faili. Lakini hakuna aliyemwambia mtoto kwamba kilichoisha ni pesa. Yeye alielewa kwamba yeye ndiye aliyepungukiwa. Aliacha kuja kanisani, na mwaka uliofuata aliacha shule. Leo anaendesha boda boda. Nilimtafuta wiki mbili zilizopita, nikamwomba msamaha, kwa sababu ile sahihi ni yangu. Nikamwomba pia ruhusa ya kusimulia haya bila jina lake. Alifikiri kidogo, kisha akasema, "Simulia, Pasta. Lakini safari hii waulize, siku wakienda wataendaje."

Ndiyo maana nilinyamaza kwenye mkutano wa wazee. Na ndiyo maana leo nahubiri.

Nia njema haitoshi

Mtu atasema, "Si kitu kidogo ni afadhali kuliko bure?" Si mara zote. Kule Marekani mpango wa Big Brothers Big Sisters ulichunguzwa, na ripoti yake ikatoka mwaka 1995. Vijana 959 wa miaka 10 hadi 16 waligawanywa kwa kura: wengine wakapewa walezi, wengine wakasubiri. Baada ya mwaka mmoja na nusu, waliokuwa na walezi walikuwa wamepungukiwa kwa asilimia 46 na hatari ya kuanza dawa za kulevya. Haleluya kwa hilo! Lakini watafiti waliporudi kuzichambua takwimu zile zile, mwaka 2002 wakatoa habari ya pili. Faida kubwa ilikuwa kwa wale waliokaa na mlezi mwaka mmoja au zaidi. Na wale ambao uhusiano wao ulivunjika kabla ya miezi 3 walishuka katika kujithamini kuliko wale ambao hawakupewa mlezi kabisa. Niliposoma hayo nilimwona yule kijana wetu na simu ya mama yake.

Kuna na mfano wa zamani zaidi. Huko huko, jimbo la Massachusetts, mwaka 1939 wavulana 506 waliingizwa kwenye mradi. Nusu walipewa washauri wa kuwatembelea, kuwasaidia masomo, kuwapeleka kambini. Miaka 30 baadaye mtafiti Joan McCord aliwafuatilia wakiwa watu wazima. Wale waliosaidiwa walikuwa na hali mbaya zaidi katika mambo kadhaa, pombe ikiwemo. Na wengi wao walikuwa wakiwakumbuka washauri wao kwa upendo! Kwa hiyo usiniambie tu kwamba watoto wameupenda mpango. Eli naye alikuwa mzee mpole.

Maswali ya kuuliza

Sasa chukua kalamu. Ukiletewa fomu, ya barua hizi mbili au ya mpango mwingine wowote, kuna mambo sita ya kuuliza kabla hujatia sahihi.

La kwanza: *mlezi ni nani, na nani anamshuhudia?* Paulo alipomtaka Timotheo, hakumchukua kwa sababu ya uso. Matendo 16:2 inasema ndugu wa Listra na wa Ikonio walimshuhudia. Miji miwili! Basi na sisi tuombe ushuhuda wa miji miwili: watu wanaoishi naye, na watu waliofanya kazi naye. Tuombe cheti cha tabia njema kutoka polisi. Anaomba kwa eCitizen, anatoa alama za vidole. Lakini tusikomee hapo. Cheti kinakuambia hajawahi kuandikwa kwenye kitabu cha polisi. Hakikuambii moyo wake. Mpango mzuri utamhoji, utawapigia wadhamini wake, utachukua muda. Ukiona mlezi ameandikishwa asubuhi na jioni ameshapewa mtoto, rudisha fomu.

La pili: *wanakutana wapi, na nani anaona?* Esta 2:11. Mordekai alimlea Esta, na Esta alipochukuliwa nyumba ya mfalme, Mordekai kila siku alipita mbele ya ule ua kujua hali yake. Kila siku! Hakusema, "Sasa yuko na wakubwa." Kwa hiyo uliza: wanakutana mahali pa wazi? Kuna kulala nje? Kuna kupakiana kwenye boda usiku? Meseji za simu zinasomwa na nani? Kanuni ni rahisi: mlezi asiyetaka mzazi ajue wanazungumza nini na wapi, huyo anatafuta kitu kingine. Na siri kati ya mtu mzima na mtoto, ile ya "usimwambie mama", ni king'ora.

La tatu: *mlezi amefundishwa, na amelinganishwa na huyu mtoto?* Wema peke yake haumfundishi mtu namna ya kuzungumza na binti wa miaka 14 aliyefiwa. Na mtoto aliyelelewa nyuma ya mbuzi hawezi kupewa mtu ambaye hajui msimu wa kiangazi unamaanisha nini nyumbani kwao. Uliza lugha. Uliza kama binti anapewa mwanamke. Na muulize mtoto mwenyewe kama anataka! Tusimburute.

La nne: *ni kwa muda gani?* Hapa wapendwa tuseme ukweli juu yetu wenyewe. Kanisa letu ni kanisa la uhamisho. Mwalimu analetwa, anapendwa, anahamishwa. Nesi vile vile. Afisa vile vile. Watoto wetu wamezoea kuzoea mtu na kumpoteza. Kwa hiyo wewe unayetaka kuwa mlezi, kama unatarajia barua ya uhamisho, sema mapema. Mwaka mmoja ndio uwe mwanzo wa mazungumzo. Majirani zetu Waborana wanajua hili kuliko sisi: ule mfumo wao wa zamani wa Gada, ngazi zake zinahesabiwa kwa miaka 8. Hakuna mzee wa Gada aliyemkomaza kijana kwa semina ya siku 3.

La tano: *nani anamfuatilia mlezi, na mtoto akiumia analia kwa nani?* Hapa ndipo Eli alipoangukia. Eli alisikia. Aliwakemea wanawe, sura ya 2 mstari wa 23. Alifanya kikao! Lakini sura ya 3 mstari wa 13, Mungu anamhukumu kwa sababu alijua na hakuwazuia. Aliwaacha na nafasi zao, na uma wao mkononi. Mpango wenye ubora una mtu ambaye kazi yake ni kuwapigia mlezi, mtoto na mzazi, kila mwezi, na kuuliza mambo yanaendaje. Na una njia ya malalamiko ambayo mtoto mwenyewe anaijua. Mfundishe mtoto wako namba 116, ya kusaidia watoto hapa Kenya, haina malipo. Ajue kuna afisa wa watoto wa kaunti ndogo, na kuna polisi. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inamlinda kila aliye chini ya miaka 18. Jambo la kumdhuru mtoto halimalizwi ofisini kwa mchungaji. Nasema tena: halimalizwi kwangu, halimalizwi kwa wazee wa kanisa, wala halimalizwi kwa mbuzi wawili kati ya familia na familia. Kusamehe ni kusamehe, na kuripoti ni kuripoti.

La sita ndilo la yule kijana: *siku mkienda, mtaendaje?* Soma 2 Wafalme 2. Eliya alijua anaondoka. Hakutoroka. Elisha alitembea naye mpaka mwisho, na Eliya akamuuliza anataka amfanyie nini kabla hajaondolewa. Paulo naye aliwaita wazee wa Efeso waje Mileto, akawaambia wazi kwamba hawatauona uso wake tena, wakalia pamoja, Matendo 20. Hiyo ndiyo kwaheri ya Kibiblia. Ina tarehe, ina maneno, ina machozi. Mpango usioweza kukuambia utafungwa vipi, hata kama pesa zikikatika ghafla, huo haujafikiria watoto.

Na sisi je?

Ni rahisi kupeleka maswali haya kwa wageni. Lakini Hofni na Finehasi hawakuwa wageni. Walikuwa wa ndani. Kwa hiyo nilisema mbele ya kanisa, na naandika hapa ili iwe kumbukumbu: walimu wa Shule ya Jumapili, viongozi wa vijana, kwaya, wote tutaomba cheti cha tabia njema, na wote tutaulizwa maswali yale yale sita. Mimi ni wa kwanza. Nimeshaanza maombi ya cheti changu, na alama za vidole nitatoa Isiolo. Mchungaji asiyetaka kuulizwa swali juu ya watoto, msimwamini na watoto.

Tena kuna majirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi hapa mjini. Watoto wao wako shule moja na wetu, wanacheza uwanja mmoja. Wengine watataka kuingia kwenye mpango huu. Basi mzazi wao aambiwe wazi ni nani anauendesha, na ni nini kitafundishwa, tangu siku ya kwanza. Mpango unaosema jambo moja kwa mzazi na lingine kwa mtoto ni uongo, hata ukifunguliwa kwa maombi. Sisi hatungependa mtoto wetu afanyiwe hivyo, na Bwana wetu alitufundisha kuwatendea watu vile tunavyotaka kutendewa.

Mtaniuliza, "Pasta, kwa hiyo tunachukua upi? Arobaini au nane?" Sijasema tuukatae ule wa kwanza. Nimesema tuuulize. Huenda wana majibu mazuri, na mimi nitafurahi. Jumapili ijayo baada ya ibada, wazazi wote na vijana wote wabaki. Barua zote mbili zitasomwa kwa sauti, na kila upande umealikwa kutuma mtu wa kujibu maswali sita. Kisha kila mzazi ataamua juu ya mtoto wake mwenyewe. Sitatia sahihi kwa niaba ya mzazi yeyote tena, hata kama uko na mifugo mbali. Tutakungoja urudi.

Na kama mwishowe tutapata nafasi nane tu, tusidharau nane. Yesu alihubiria maelfu, lakini alioishi nao, akala nao, akawakosoa, akarudi kumtafuta aliyemkana, walikuwa kumi na wawili.

Tuombe

Baba, tunakushukuru kwa watoto uliotupa. Tusamehe pale tulipowakabidhi kwa watu bila kuuliza, kwa sababu tulikuwa na njaa au tulikuwa na haya mbele ya wageni. Mponye yule aliyengoja simu ambayo haikupigwa. Tupe moyo wa Hana, wa kukukabidhi wewe na bado kurudi na kanzu mkononi. Utuondolee upole wa Eli. Watu wazima unaowatafuta kwa ajili ya vijana wa Garbatulla, uwainue hapa hapa kati yetu, watu wa kukaa. Katika jina la Yesu, Amina.

*Kwa vikundi vya nyumbani juma hili:* Kila mtu amtaje mtu mzima mmoja aliyemlea ambaye hakuwa mzazi wake. Alikaa naye muda gani? Walikutana wapi? Waliagana vipi? Kisha kila mzazi ampime mtoto wake kanzu: amkalishe jioni moja, simu ikiwa imezimwa, na kumuuliza nani huzungumza naye siku hizi. Msikilize mpaka amalize.